Sahani ya Kwaheri

Nina kasoro mbili, mdomo na macho. Mdomo haufungiki, na hilo mume wangu atakuthibitishia hata kabla hujamuuliza. Macho ni kasoro kwa sababu kwa miaka thelathini na moja watu wa ushirika wetu wa wafugaji waliyasifu mpaka sifa zikanilevya.

Kazi yangu ilikuwa kutazama mayai. Si ya kuku, ya kuku hata mume wangu anaweza. Ni mayai ya ng'ombe, madogo kuliko punje ya chumvi. Ng'ombe wa ukoo mzuri akichinjwa, watu wa machinjio hukata ovari zake, huzitia kwenye chupa ya chai yenye maji ya chumvi ya uvuguvugu, na dereva hutuletea mbio mbio kana kwamba amebeba mgonjwa. Tunafyonza kwa sindano yale malengelenge yaliyo juu yake, ule ute tunaumimina kwenye sahani ya kioo, halafu mimi nainamia hadubini na kuchambua. Yaliyofaulu yanalala kwenye kabati la joto, kesho yake yanakutanishwa na mbegu ya dume, na siku ya nane tunajua kama kuna viinitete vya kupandikiza kwenye tumbo la ng'ombe mwingine. Ndivyo ng'ombe aliyekwisha kuliwa anavyozaa.

Na kufaulu kwenyewe ni sura tu. Yai huwezi kulihoji. Unalitazama, basi. Zuri limejifunika seli ndogondogo tabaka juu ya tabaka, na ndani yake ni sawasawa kama uji usio na madonge. Hilo ni daraja A. Vitabu vina herufi, mimi nilikuwa na majina yangu. A nilimwita bibi harusi. B, aliyevaa tabaka chache, ni mpambe. C ni mgeni aliyekuja harusini na shati lisilopigwa pasi: upande mmoja amefunikwa, upande wa pili yuko uchi, na ndani ana mabaka meusi. D ni mlevi. Nguo zake zimetawanyika na hajui zilipo.

Mabibi harusi na wapambe wanaingia kabatini. C na D wanakwenda kwenye sahani ya kwaheri. Ni sahani ya kawaida tu, inakaa pembeni ya meza, lakini chumbani kwetu hakuna anayeimwaga bila kuiinamia kwanza, kwa sababu kila kilichomo kingeweza kuwa ndama. Siku za kazi nyingi tulikuwa tunainama haraka haraka, lakini tulikuwa tunainama.

Jambo jingine: mimi natazama kwa jicho moja. Hadubini yetu ina matundu mawili, lakini nilijifunza kazi kwa ile ya zamani yenye tundu moja, kwa hiyo jicho la kulia ndilo la kazi na la kushoto nalifumba. Wenzangu walikuwa wanasema Fusae anayakonyeza mayai. Niliwajibu kwamba mayai angalau yanaona haya.

Mwezi wa nne mwaka jana tukaletewa mkuu mpya wa kitengo, Nishizono, mwanamume wa miaka thelathini na sita, mpole mpaka anakera. Alikuja na kadi yake ya picha za madaraja, imefunikwa plastiki, anaining'iniza shingoni. Siku ya kwanza nikampa jina, Bwana Daraja. Alipolisikia aliinama, akaniita kwa jina langu la ukoo: "Asante, Bi Imuta." Mtu wa namna hiyo utamfanya nini?

Fomu ya kila ng'ombe inahitaji mihuri miwili, wangu mimi niliyechambua na wa mkuu aliyehakiki. Maofisini kwetu mdogo huugonga muhuri wake kwa kuulaza kidogo, uonekane kama unauinamia muhuri wa mkubwa. Nishizono, ambaye ndiye bosi, akawa anaulaza wake uuinamie wangu! Na hakuwa anahakiki chochote. Anasoma fomu, anasema, "Kama Bi Imuta ameona, mimi ni nani nibishe?" kisha anagonga. Nami nikavimba kichwa, sitaki kukudanganya.

Basi mwisho wa mwezi huo upepo ukageuka kama kila mwaka, na majivu ya Sakurajima, mlima wetu wa volkano, yakaanza kuja upande wetu wa ghuba. Mlima ukikohoa asubuhi, mchana tunakung'uta nguo. Huku kwetu kila kitu ni majivu. Gari halikuwaka, majivu. Mkwe hakupiga simu, majivu. Kwa hiyo nilipoanza kuona ukungu kwenye hadubini nilifanya kama mtu yeyote wa hapa angefanya: nikakipangusa kioo na kuutukana mlima. Kesho yake nikapangusa tena. Nishizono akaniagizia karatasi laini za kupangusia, maboksi mawili, na akaziba madirisha kwa utepe. Mwezi wa saba, kwenye kikao, ikaonekana C wameongezeka sana kuliko mwaka uliotangulia. Mmoja akasema ni joto, ng'ombe wanachoka. Mwingine akasema malisho. Mimi nikasema majivu, na wote wakaitikia kwa vichwa.

Sasa nikuambie kuhusu Sueko.

Arimura Sueko ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Alikuwa ananakili hesabu zangu na mpaka leo anadai ni mimi niliyekuwa nanakili zake. Mumewe alikufa miaka sita iliyopita akamwachia zizi, na kwenye zizi hilo walikuwa wamebaki ng'ombe wawili: Fukuyo, bibi wa miaka kumi na saba, na binti yake Chizuru. Mabinti wengine wote wa Fukuyo walikwishauzwa mnadani. Mwezi wa tano Chizuru alizaa vibaya, ndama akafia tumboni, naye akavunjika nyonga. Ikabidi achinjwe. Ovari zake zikaja kwangu. Mayai kumi na sita, na mazuri yalikuwa mawili tu. Kanuni yetu ni kwamba yasipofika matano kundi zima haliingii kabatini. Nikaiinamia sahani ya kwaheri, nikainama kwa muda mrefu safari hii, nikaimwaga, nikampigia Sueko simu.

"Ulitazama wewe?" akaniuliza.

"Mimi mwenyewe."

"Basi hakuna la kusema," akajibu.

Mwezi wa nane, siku za kuwapokea marehemu nyumbani, nilikwenda kwake kuwasha ubani. Kwenye madhabahu ya nyumba, kando ya picha ya mumewe, alikuwa ameweka picha ya Chizuru, na mbele yake fungu la majani mabichi.

"Huoni mzee atanuna kukalishwa na ng'ombe?" nikamwambia.

"Anune nini? Alimpenda kuliko mimi. Mimi hakuwahi kunipiga brashi mgongoni."

Wiki hiyo hiyo Fukuyo akateleza zizini, naye hakuinuka tena. Daktari wa mifugo akasema hakuna dawa. Nilimkuta Sueko amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anampepea nzi yule bibi kwa gazeti.

"Fusa, unapumua kama ng'ombe mwenye mimba," akanisalimia.

"Na wewe unanuka kama aliyekwisha kuzaa."

Hatukucheka sana. Akaniambia kwamba mwanawe Yoshiharu ameshapiga simu kutoka mjini Fukuoka. Wamekubaliana hivi: Fukuyo akiondoka bila kuacha mtoto, zizi linafungwa, nyumba inauzwa, na Sueko anakwenda kuishi kwa mwanawe, ghorofa ya nane.

"Kule nitamtukana nani asubuhi?" akasema. "Lifti?"

"Utazoea."

"Nyamaza! Sitaki kuzoea." Akaacha kupepea. "Sikiliza, Fusa. Mayai ya huyu utayatazama wewe. Sitaki mtu mwingine ayaguse. Kama mtoto yumo humo ndani, utamwona wewe."

Nikamwahidi. Lakini nilikuwa na wasiwasi, maana ng'ombe wa miaka kumi na saba hana cha kujivunia kwenye ovari, na mimi nilikuwa nikitafuta mabibi harusi tangu mwezi wa tano na kuwapata kwa tabu.

Alhamisi saa nne asubuhi chupa ya chai ikafika. Sueko alikuja ndani ya gari la dereva wa machinjio, amekumbatia boksi la vitafunio vya samaki wa kukaanga. Chumbani haruhusiwi, kwa hiyo akakaa kwenye benchi la ukumbini, nyuma ya kioo, akawa ananikodolea macho.

Ovari zilikuwa mbili ndogo, zimekunjamana. Nikafyonza, nikamimina, nikafumba jicho la kushoto, nikainama. Mayai kumi na manne. Nikayasogeza moja moja kwa bomba la kioo. Ukungu. Nikapangusa kioo. Ukungu ule ule, na ndani yake wageni wenye mashati yaliyokunjamana, mmoja baada ya mwingine. Mabaka. Kiza. Nikabembeleza, nikageuza, nikayatukana kwa sauti ya chini. Hesabu ya mwisho ilikuwa wapambe watatu. Bibi harusi hata mmoja hakuwapo.

Watatu si watano. Nikainua kichwa, nikamwona Sueko nyuma ya kioo ananipungia kipande cha samaki.

Mimi nimemdanganya mume wangu, nimemdanganya mama mkwe, na daktari wa meno namdanganya kila mwaka. Fomu sijawahi kuidanganya. Miaka thelathini na moja, fomu ilikuwa ndiyo dini yangu. Lakini yule mwanamke na kile kipande chake cha samaki! Nikashika kalamu nikaandika: A tisa, B mbili, C tatu. Kisha nikagonga muhuri kabla mkono haujapata akili. Nilijiambia kwamba Nishizono atasoma, atalaza muhuri wake kama kawaida, mayai yataingia kabatini, na yakishindwa siku ya nane nitasema ni majivu.

Nilikwenda mlangoni nimwashirie Sueko atulie, na hapo hapo dereva akafungua mlango wa nje. Upepo ukaingia na mlima mzima. Chembe ikanipiga kwenye jicho la kulia, machozi yakanitiririka. Nikarudi chumbani nimeziba uso, nikamkuta Nishizono ameshika fomu yangu kwa mikono miwili, uso unamng'aa.

"A tisa, Bi Imuta! Kwa bibi wa miaka kumi na saba! Miezi yote hii hatujapata hivi. Naomba niwaone."

"Usijisumbue, Mkuu. Gonga tu."

"Hapana, hapana. Hii ni furaha. Naomba."

Lo! Kumbe uongo wangu ulikuwa mtamu kupita kiasi. Ingekuwa A tano, asingejali. Akaketi kwenye kiti changu, akainama, macho yote mawili kwenye matundu. Akainyanyua kadi yake ya plastiki, akaitazama, akarudi kwenye hadubini. Nikaanza kutunga barua ya kuacha kazi kichwani.

"Bi Imuta," akasema polepole, "naomba radhi sana. Umekosea."

"Najua, Mkuu. Acha nikueleze..."

"Umeandika A tisa. Ni kumi na moja."

Hapo nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Kumbe mwenzangu! Bwana Daraja, mtu wa kanuni, amemwona yule mama kwenye benchi na roho imemlainika. Nikamtazama kwa mapenzi mapya kabisa. Nikamkaribia sikioni.

"Mkuu, tisa wanatosha. Tukizidisha watu watashtuka."

"Nani atashtuka?"

"Wakubwa."

"Kwa nini washtuke? Ni kumi na moja."

"Nimekuelewa," nikamwambia, nikamkonyeza kwa jicho lile linalovuja machozi.

"Bi Imuta, jicho limefanya nini?"

"Achana na jicho! Nasema tusiwe na tamaa. Uongo ukiwa mdogo unapita."

"Uongo gani?"

Nilimwangalia vizuri. Yule mtu hakuwa anaigiza. Hajui kuigiza, hata kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka akipewa wimbo anauimba kwa kusoma. Nikamsukuma atoke kwenye kiti. Jicho la kazi lilikuwa limefumba kwa maumivu, kwa hiyo, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja, nikainamia hadubini kwa jicho la kushoto.

Walikuwa wamekaa pale, wamejipanga, wamevaa. Tabaka juu ya tabaka, nyeupe, zimebana vizuri, na ndani uji laini usio na donge. Mabibi harusi kumi na mmoja. Nikawahesabu mara mbili. Bibi Fukuyo, na makunyanzi yake yote, alikuwa ameficha harusi nzima.

Nikalifungua la kulia kwa vidole, likiwa bado linawasha, nikatazama nalo. Kiza. Mabaka. La kushoto, harusi. La kulia, kiza. Kioo kilikuwa kisafi. Pengine kilikuwa kisafi siku zote.

Kuna jambo sikukuambia mwanzoni kwa sababu lilikuwa linanifurahisha na sasa halinifurahishi. Kila mwezi wa tatu kazini tunapimwa macho, ile karatasi ya vipete vyenye pengo, unasema pengo liko juu au chini au kulia. Mwaka jana mbele yangu kwenye foleni alikuwa karani mwenye sauti kubwa. Nikamsikiliza, nikakariri, na zamu yangu ilipofika nikavitaja vyote kwa jicho la kulia kama kasuku, mpaka muuguzi akanipigia makofi. Nilisimulia kisa hicho mwezi mzima. Nilisema nimefanya hivyo kuokoa muda. Ukweli ni kwamba safu ya chini sikuiona vizuri, na nilikataa kujua ni kwa nini.

Halafu nikakumbuka mwezi wa tano. Mayai kumi na sita. Mawili tu.

"Mkuu," nikasema, "mimi nimewatupa watu."

Nikamweleza yote, la jicho, la fomu, la karatasi ya vipete. Nilitaraji anikemee, na ningeshukuru. Yeye alikwenda kabatini akatoa faili la fomu tangu mwezi wa nne, akazipekua, kila moja ina muhuri wake mdogo umeuinamia wangu. Masikio yalimwiva.

"Mimi nilipaswa kutazama," akasema. "Nikawa nainama."

Akachukua fomu ya Fukuyo, akaikata A tisa, akaandika kumi na moja, akaikata C tatu, akaandika moja, akagonga muhuri wake wima kabisa. Kisha akayahamisha mayai kabatini yeye mwenyewe, nami nimesimama nyuma yake bila neno, jambo ambalo chumbani humo lilikuwa halijawahi kutokea.

Ilibaki benchi la ukumbini.

Sueko alipoona uso wangu aliweka chini kipande alichokuwa anakula. "Hakuna?" akauliza.

"Wapo. Kumi na mmoja wazuri, na wapambe wawili. Wameshalala kabatini."

"Sasa unalia nini, mpumbavu wewe?"

"Ni majivu," nikasema, na neno lilipotoka tu nikaona aibu. "Hapana, Sue. Si majivu. Jicho langu la kulia limekufa tangu kabla ya masika kwisha, na sikutaka kujua. Mayai ya Chizuru niliyatazama kwa jicho hilo."

Akanitazama. Niliona anahesabu.

"Chizuru alikuwa na mangapi?"

"Kumi na sita."

"Ulisema mawili."

"Nilisema mawili."

Akafunika boksi la samaki, akalifunga kamba yake vizuri, akaliacha juu ya benchi. Akafungua mwavuli wake wa majivu palepale ukumbini, ndani ya nyumba, akatoka nao. Ningependa kama angenitukana. Tumetukanana miaka hamsini na saba na najua kuyajibu matusi yake yote.

Siku nane hakupokea simu. Daktari wa macho alinitazama dakika moja akasema ni mtoto wa jicho, mkubwa, amekomaa, anaondolewa kwa nusu saa, na akaniuliza niliwezaje kukaa naye muda wote huo. Nikamwambia ninaishi chini ya mlima. Mimi na Nishizono tukaanza kuzungukia nyumba za wenye ng'ombe wa miezi ile, nyumba kumi na tisa, kuomba radhi. Wengi walitupa chai ya shayiri. Mmoja alitufungulia mbwa, na Nishizono aliinama kwanza ndipo akakimbia.

Siku ya nane asubuhi Nishizono akaniita nitazame. Nikamwambia atazame yeye, nami nitatazama baada yake. Kwenye sahani kulikuwa na viinitete vitatu, vya mviringo, vimejaa. Nikapanda kilima kwa miguu hadi kwa Sueko. Alikuwa juu ya paa la zizi tupu anafagia majivu kuyatia kwenye mfuko. Zizi ambalo halina hata ng'ombe mmoja, na analifagia paa!

"Vitatu," nikapaza sauti.

Aliendelea kufagia. "Nani kavitazama?"

"Nishizono. Macho mawili, yote yake."

"Na wewe?"

"La kushoto."

Akafagia mpaka mwisho wa bati. "Wapandikize," akasema, na hakushuka.

Viwili havikushika. Cha tatu kilishika, kwenye ng'ombe wa maziwa wa jirani yake, jike moja kubwa la madoa lisilo na adabu. Wakati wa baridi Sueko alianza kunijibu salamu. Kabla ya mwaka mpya aliniambia nimenenepa, nikarudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwa furaha, akadhani nimerukwa na akili. Lakini jina la Chizuru halikutajwa, si na yeye wala na mimi. Kwenye kiti changu alikwishakaa mwingine. Mimi nilikuwa naosha vioo, na ikifika wakati wa sahani ya kwaheri nilikuwa naomba niiinamie mimi.

Mwezi wa sita, wiki ya kwanza, simu ikalia alfajiri. "Njoo," akasema, akakata.

Jicho lilikwishatengenezwa. Niliingia kwenye zizi la jirani nikamwona Sueko mwangani kwa mara ya kwanza tangu operesheni kwa ukaribu ule, nikashtuka.

"Mama yangu! Sue, makunyanzi yote hayo yametoka wapi?"

"Yalikuwapo. Nenda kajitazame na wewe kwenye kioo, halafu ukae chini kwanza."

Kwenye majani alikuwa amelala ndama jike, mweusi, bado mbichi, sikio moja limekunjika, miguu haijui iende wapi. Alinuka maziwa na damu. Nikapiga magoti, nikamtazama kwa jicho la kulia, nikamtazama kwa la kushoto. Yule yule kwa yote mawili.

"Haya, mpe daraja," Sueko akasema.

"Sitoi daraja tena."

"Toa. Si ndiyo kazi yako?"

"Sikio limekunjika. C."

Alicheka, cheko lile la darasa la kwanza la kupitia puani, na mimi nikacheka, na kwa muda mfupi nilidhani yamekwisha. Nikamuuliza kama amempa jina.

"Satsuki," akasema.

Kwa watu wa zamani hilo ni jina la mwezi wa tano. Kila mtu hapa analijua.

"Lakini huu ni wa sita, Sue," nikamwambia kabla sijakumbuka ni sahani ya nani niliyoimwaga mwezi wa tano.

"Najua ni mwezi gani." Alikuwa anamfuta ndama mgongo kwa kitambaa, taratibu, kutoka shingoni hadi mkiani. "Zizi langu liko juu, nyumba yako iko chini pale. Nitamwita kila asubuhi, kwa miaka kumi na saba kama mama yake. Usikie."

"Nitasikia."

"Na ukisikia, upande juu unisaidie kuzoa kinyesi."

Akajiinua kwa kushika goti, akarudi hatua mbili nyuma, akaweka mikono kiunoni, akaita kwa sauti ile ya kilimani: "Satsuki!"

Ndama hakugeuka, alikuwa bado hajui kwamba ni yeye. Niligeuka mimi.